Msalaba wa Safu ya Tatu

Katika kijiji kizima cha Häggsjö hapakuwa na mtu aliyekijua kitabu cha imani kama Märet. Ungemwamsha usingizini ukamtajia swali la kwanza, angejibu kabla hajafumbua jicho la pili, na asingekoma mpaka umwambie basi. Maswali yote na majibu yote, maelezo ya majibu na aya za kuthibitisha maelezo, aliyabeba kichwani kwa mpangilio kama vijiko ndani ya droo. Hakuwahi kuruka neno. Watu walisema vitabu vya kanisani vikiungua moto, mchungaji hatakuwa na haja ya kuagiza vingine, atampakia Märet kwenye sleji ya kuteleza thelujini tu.

Na hilo halikuwa jambo dogo, maana kila mwaka, baada ya mwezi wa kuchinja mifugo kabla ya baridi kali, ilikuja siku ya Kuulizwa. Mchungaji alifika na lile buku kubwa la usharika, likafunguliwa mezani katika nyumba yenye zamu, na kijiji kizima, kuanzia mtoto anayezijua herufi hadi mzee asiyeziona tena, kikakaa kwenye mabenchi kuzunguka kuta na kuulizwa imani yake. Kila mtu alikuwa na mstari wake bukuni, na kila mstari ulikuwa na safu tatu: kusoma, kukariri, kuelewa. Anayeanza alichorewa kistari kimoja. Aliyekamilika alichorewa viwili vilivyopitana, kama msalaba uliolala ubavu. Bila hata kistari kimoja huozeshwi, mezani pa Bwana hufiki, na kuna mengine ambayo watu hawakuyataja kwa sababu kila mtu aliyajua.

Märet alikuwa na misalaba mitatu tangu ujana wake. Wa kwanza na wa pili aliistahili. Wa tatu mchungaji mzee aliuchora bila kuuliza. "Anayeyajua maneno yote," alikuwa akisema huku akipuliza wino ukauke, "atakosaje kuyaelewa?" Hakuna aliyebisha, na Märet mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kutaka kubisha.

Hakuwa ameolewa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili ng'ombe alimpiga teke la nyonga, na tangu siku hiyo alitembea akiinamia upande mmoja, na zizini hakukanyaga tena. Shamba lilikuwa la kaka yake, Pål. Mwanamke asiyekamua, asiyefyeka nyasi, asiye na mume, akiwa ndani ya nyumba ya kaka yake ni mdomo wa kulishwa tu, na Märet alilijua hilo bila kuambiwa. Kilichomfanya awe mtu ni kile chumba kidogo kando ya jiko, ambamo kwa majira kumi na tisa ya baridi aliwafundisha watoto wa Häggsjö kusoma na kukariri. Aliwekewa kiti karibu na moto. Wanaume wenye ndevu walimwita Shangazi, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kulia mbele yake akitafuta neno lililompotea. Kazi hiyo ilikuwa ya mchungaji kumpa au kumnyima, na kila mwaka, Kuulizwa kulipokwisha, mchungaji mzee alisema, "Na watoto ni wa Märet, kama kawaida," kisha watu wakaanza kula.

Halafu Pål akaenda milimani kununua farasi, akarudi na farasi na mke. Jöns wa nyumba ya jirani, ambaye hakuwahi kuacha utani uanguke chini, alisema kati ya wale wawili farasi ndiye mtulivu.

Mke aliitwa Gölin. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa, na kichwa chake kilivuja kama ndoo kuukuu. Siku yake ya kwanza ya Kuulizwa alianza vizuri, kisha katikati ya jibu akasimama.

"Endelea," alisema mchungaji mzee.

"Siwezi, Mchungaji. Hapa pana kitu sijakielewa, na nisipokielewa ulimi hauvuki."

"Ulimi hauhitaji kuelewa, mwanangu. Vuka tu."

Hakuvuka. Akachorewa kistari kimoja katika safu ya pili na kimoja katika safu ya tatu, na Märet, aliyekaa benchi la mbele yake, aliinamisha uso kwa sababu uso ulikuwa unataka kucheka.

Furaha ile haikumfikisha mbali. Gölin hakuona haya hata kidogo. Alitembea na maswali yake jikoni, ziwani, kwenye kusokota sufu, kama mwanamke mwingine anavyotembea na soksi anayoifuma. Mungu akishasamehe, kwa nini tunarudi kesho kuomba msamaha uleule? Shetani naye anaamini kwamba Mungu yupo, basi kuamini kwetu kumemzidi nini? Pål, mtu aliyekula kimya tangu alipoota meno, alianza kuweka kijiko chini.

"Gölin, lile la jana," alisema siku moja, "nimeliwaza nikikata kuni. Sijalimaliza."

Miaka arobaini na moja Märet ameishi nyumba moja na kaka yake. Kila Jumapili amemsomea mezani, kwa sauti safi. Na Pål hajawahi kukata hata ukuni mmoja akiwaza neno la Märet.

Watoto nao walikuwa vivyo hivyo. Lisbet wa Jöns, msichana wa miaka tisa, aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji mara nne asubuhi moja. Mara ya nne Märet alimfuata, akamkuta jikoni anamuuliza Gölin kama malaika wanajua kusoma.

"Na maji?" Märet alimuuliza.

"Nimeyasahau, Shangazi."

"Mwache, wifi," alisema Gölin, unga hadi viwikoni. "Ni swali zuri."

"Jibu lake unalo?"

"Sina."

"Basi hilo si swali, ni kelele. Lisbet, chumbani."

Roho ilimuuma mpaka akashindwa kunywa uji. Lakini hakuiita wivu. Aliiita bidii kwa ajili ya nyumba ya Bwana, na jina hilo lilimtosha kwa muda.

Majira ya kukata nyasi mchungaji mzee akafariki. Akaja mwingine, Hellbom, kijana aliyetoka chuoni Uppsala, masikio mekundu kwa baridi. Kabla hajafika Häggsjö habari zake zilitangulia, na aliyezileta ni Zakris, karani wa usharika, binamu yake Märet, aliyepita akapewa bakuli la uji wa shayiri.

"Binamu, jiandae," alisema Zakris. "Huyu hafuati kitabu."

"Anafuata nini?"

"Anauliza kwa nini. Kule Rotnäs alimuuliza mzee Hemming: Mungu anajua haja zetu kabla hatujafungua kinywa, sasa tunaomba kwa nini? Hemming akammwagia aya nzima. Mchungaji akamwambia, hiyo ni aya, Hemming. Wewe je? Mzee wa watu akalia."

"Na safu ya tatu?"

"Kistari kimoja. Hemming, mwenye misalaba yake tangu mimi sijazaliwa. Na kasema wazi mbele ya watu: watoto watafundishwa na mwenye msalaba safu ya tatu. Asiyeelewa asifundishe. Niongezee maziwa kidogo hapa."

Märet alimwongezea, na maziwa mengine yakaenda mezani.

Siku nane alikaa na kitabu mapajani akijiuliza kwa nini. Kila alipouliza ilikuja aya. Aliiweka pembeni, ikaja nyingine. Alipochungulia ndani ya kichwa chake atafute kitu kilicho chake, alikuta vijiko vyote viko mahali pake, na ndani ya droo hamna kingine. Na ng'ambo ya ukuta alimsikia Gölin akiimba huku anasugua sufuria, hana wasiwasi, kwa sababu Gölin hajui kwamba anaweza kushinda. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu akikuzidi huku anakutazama, walau mmetazamana.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuoka mkate wa bapa, na mikono haikutosha, Märet akatumwa kumwita Gölin zizini. Alifika mlangoni akasimama, maana ndani kulikuwa na mazungumzo. Lisbet alikuwa huko, kama kawaida.

"Sikiliza," Gölin alikuwa akimwambia, na nyuma ya sauti yake maziwa yalilia ndooni. "Mimi ninapomkamua Stjärna, najua kiwele kimejaa. Hana haja ya kuniambia. Lakini nikiingia hugeuza shingo. Asingekuwa anageuza shingo ningemkamua vilevile, na maziwa yangekuwa yaleyale, ila tungekuwa wageni, mimi na yeye. Nadhani kuomba ni kugeuza shingo. Mungu hataki habari. Anataka tugeuke."

"Na ng'ombe wasiogeuka?"

"Nao hukamuliwa. Shika taa vizuri."

Nje, Märet alisimama kwenye theluji, uzito wote umelalia nyonga mbovu. Kama lingekuwa jambo la kipumbavu, angeingia akalikanyaga. Lakini lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri, na lilikuwa limetoka kwa mwanamke mwenye samadi ya ng'ombe kwenye viatu, bila kutafutwa, kama jasho. Akageuka arudi. Kabla hajafika mlango wa jikoni alikuwa amelirudia mara tatu. Kichwa chake kilipokea maneno kama unga mkavu unavyopokea maji, na alipoweka mkono kwenye kitasa lilikuwa lake lote, mwanzo hadi mwisho.

"Gölin yuko wapi?" aliuliza Pål.

"Anakamua," alisema Märet.

Zamu ya mwaka ule ilikuwa ya nyumba yao. Sakafu ilisuguliwa kwa mchanga, matawi mabichi yakatandazwa, jibini likatolewa, pombe ya shayiri ikapimwa kwa kuonjwa, na kuonjwa tena, na Jöns. Mchungaji Hellbom alikaa mwisho wa meza, buku mbele yake, Zakris kando na wino. Watu walisoma. Watu wakakariri. Märet alipofika zamu yake maneno yalimtoka kama mto chini ya daraja, na mchungaji aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akakifunga kitabu, na mabenchi yote yakajiweka sawa.

"Märet," alisema, "wewe ndiye uliyewafundisha hawa wote. Mungu anajua haja zetu kabla hatujaomba. Tunaomba kwa nini?"

Märet alisimama. Alishika ukingo wa meza, akakaza macho ukutani, kama afanyavyo siku zote akikariri.

"Mimi ninapomkamua Stjärna," alisema, "najua kiwele kimejaa."

Alilisikia mwenyewe likitoka. Chumba kizima kililisikia. Hakuna mtu katika Häggsjö asiyejua kwamba Märet hajakamua ng'ombe tangu utoto, na hakuna asiyejua Stjärna ni wa nani, yule mweusi mwenye nyota nyeupe kwenye paji, aliyekuja na Gölin kutoka milimani kama zawadi ya harusi kutoka kwao. Angeweza kusema mtu akimkamua ng'ombe. Angeweza kusema mkamuaji. Mtoto yeyote angelibadilisha. Lakini aliyejifunza miaka yote kutoruka neno hawezi kuruka hata lile linalomuumbua, na Märet alipita kwenye jina la ng'ombe, akapita kwenye shingo, akapita kwenye wageni, mimi na yeye, akafika mwisho bila kukwama popote. "Mungu hataki habari. Anataka tugeuke." Akaketi.

Jöns alikoholea ndani ya kofia yake. Pål alitazama viganja vyake kana kwamba vimeandikwa kitu. Gölin alikuwa anamtazama Märet, si kwa hasira, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kisimani.

Mchungaji peke yake hakujua. Macho yake yaling'aa.

"Hilo," alisema polepole, "sijawahi kulikuta katika kitabu chochote." Na kalamu ikalia mara mbili kwenye karatasi.

Zamu ya Gölin ilipofika alikwama kwenye kukariri mahali palepale alipokwama mwaka wa kwanza. Mchungaji alimuuliza swali lilelile.

"Wifi ameshasema," alijibu Gölin.

"Nataka lako."

Gölin alifikiri kwa muda mrefu, na mtu asiyemjua angedhani amelala. "Nami nilikuwa naona hivyohivyo, Mchungaji. Lakini leo asubuhi nimeona pana tundu. Ng'ombe hugeuza shingo hata kwa mwizi, akiwa na nyasi mkononi. Basi huenda na sisi tunazigeukia nyasi tu. Sijui bado. Naomba muda."

Watu walicheka. Neno mwizi liliingia kwa Märet kama kibanzi chini ya ukucha. Huenda Gölin alilisema bila nia. Märet aliamua kutoliamini hilo.

"Muda unao mpaka mwakani," alisema mchungaji. Alichora kistari kimoja katika safu ya tatu, kalamu ikabaki hewani kidogo, kisha akaiweka chini. "Na watoto ni wa Märet."

Basi alikuwa amekipata alichokitaka, na watu wakaanza kula. Jöns alimfikia na kikombe chake.

"Shangazi, Stjärna anakusalimu. Anauliza utaenda lini kumkamua tena, mikono yako ameizoea."

"Akili ni nywele," alisema mtu nyuma yake, "kila mtu ana zake."

"Wengine huvaa za wifi," alisema Jöns.

Gölin alikuwa anapita na sinia. "Jöns," alisema, "chukua jibini. Kipande kikubwa, kijaze kinywa." Watu wakamcheka Jöns, mambo yakaishia hapo. Märet angeona nafuu kama Gölin angempiga kofi.

Asubuhi iliyofuata, wenzake wakiwa bado wanaosha vyombo, Märet alivaa viatu vya kaka yake akaenda zizini. Miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita. Harufu ilikuwa ileile, na nyonga yake iliikumbuka kabla yeye hajaikumbuka. Stjärna alisimama mwisho wa zizi, makalio mlangoni. Märet alingoja. Ng'ombe alitafuna. Märet alikohoa. Ng'ombe alitafuna. Alimwita kwa jina, sauti yake ikawa ile ya kuwaitia watoto kusoma, na ng'ombe akainua mkia akafanya haja yake. Ndipo alipojitambua: mwanamke mzima, mwenye misalaba mitatu, anaionea wivu shingo ya ng'ombe.

Mlango ukalia nyuma yake. Haukuwa umefunguka hata nusu, na Stjärna alikuwa amegeuka.

"Hageuki kwa mgeni," alisema Gölin. "Mimi mwenyewe ilinichukua wiki tatu."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Kusema nini?"

"Usinifanye mtoto, wifi."

Gölin aliweka ndoo chini. "Nilikasirika," alisema. "Mpaka pale ulipofika kwenye wageni nilikuwa nimekasirika vizuri tu. Halafu nikausikia ule mwisho. Mungu hataki habari. Wifi, nilikuwa nimeusahau. Niliusema siku ile ukaniponyoka, nikautafuta wiki nzima. Kwangu mawazo hupita kama wasafiri, wanakunywa maji wanaondoka. Jana nikausikia kinywani mwako mzimamzima, hata neno halijapungua. Hasira ikanishinda kuishika."

Märet alipaswa kulainika. Alichowaza ni kwamba hata hilo kalisema vizuri.

"Watoto unawataka?" alimuuliza, na alitaka Gölin akatae, ili amdharau kwa uongo.

Gölin alimpapasa Stjärna kwenye nyota. "Ndiyo," alisema. "Kama ningeulizwa mimi, ndiyo. Sana."

Märet alirudi ndani, akamkuta Pål anafunga hatamu, akamwambia anataka sleji.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mchungaji."

"Kufanya nini? Katoka hapa jana."

"Kufuta kitu."

Pål alimtazama dada yake, kisha akaenda kumtoa farasi, yule mtulivu.

Njiani Märet alijifunza maneno ya kwenda kusema. Yalikuwa mawili tu: mpe Gölin. Aliyarudia kando ya ziwa lote. Hakuwahi kukariri kitu kifupi hivyo, na hakuwahi kupata shida hivyo.

Mchungaji Hellbom alikuwa mezani kwake, karatasi zimetapakaa. "Märet," alisema akisimama, "ajabu, nilikuwa nakuwaza."

"Ng'ombe si wangu," alisema Märet. Hakuketi.

"Samahani?"

"Stjärna. Mimi sijakamua tangu nina miaka kumi na miwili. Maneno yale ni ya wifi yangu, Gölin. Niliyasikia nje ya mlango nikayakariri. Kijiji kizima kilijua isipokuwa wewe, Mchungaji. Naomba ule msalaba wa safu ya tatu ufutwe."

Wekundu wa masikio ya mchungaji ulishuka mpaka shingoni. Mkono wake ulisogea juu ya karatasi moja na kuifunika. Ulichelewa. Mtu aliyewafundisha watoto majira kumi na tisa, wao upande ule wa meza na yeye upande huu, husoma maandishi yaliyopinduka vizuri kama yaliyonyooka.

"Hayo ni mahubiri ya Jumapili?" Märet aliuliza.

"Ndiyo."

"Ng'ombe yumo."

"Yumo."

"Na jina la mtu?"

Mchungaji aliondoa mkono, kwa kuwa haukuwa na kazi tena. "Niliandika hivi: kama nilivyowaza juzi nikipita karibu na zizi."

Moto uliliza ukuni mbichi.

"Mchungaji hukamua?" aliuliza Märet.

"Hapana," alisema mchungaji. "Hata karibu na zizi sikupita."

Kwa mara ya kwanza tangu Zakris ale ule uji, kitu kilimlegea Märet kifuani, kikawa karibu kuwa kicheko. Mchungaji alifungua buku kubwa, akachukua kisu kidogo cha kuchongea kalamu, akaukwangua mstari mmoja wa msalaba taratibu. Karatasi pale ikawa nyembamba, yenye doa la kijivu. Likabaki doa lile, na kando yake kistari kimoja.

"Hicho nacho sina hakika nacho," alisema Märet.

"Hicho ni cha leo," alisema mchungaji. Kisha akashusha pumzi. "Sasa watoto. Wewe kistari kimoja, Gölin kistari kimoja. Nifanyeje?"

Hapa ndipo yale maneno mawili yalipotakiwa. Yalikuwa tayari, yamepangwa. Na ulimi wa Märet, ambao tangu kuzaliwa haujawahi kukataa kubeba neno lolote, ulikataa. Aliona kiti chake kando ya moto. Aliwaona wanaume wenye ndevu wakimwita Gölin Shangazi.

"Chumba ni changu," alisema.

Mchungaji aliweka kisu chini.

Märet alikaza macho ukutani. "Lakini," alisema, na likamtoka kama jino, "vinaingia viti viwili."

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya kugeuza shingo, na alisema kabla ya yote kwamba neno lile ni la Gölin, mke wa Pål wa Häggsjö. Kanisa zima liligeuka kumtazama Gölin. Märet hakugeuka. Alitazama mbele madhabahuni, kwa nguvu, na shingo ilimuuma mpaka Jumanne.

Jumatatu viti vilikuwa viwili. Chake alikiweka mahali pake, karibu na moto. Cha wifi yake alikiweka mlangoni, pale upepo unapopitia chini ya ubao. Gölin aliingia, akakitazama kiti, akavuta shali mabegani, akaketi. Watoto walikariri amri, mmoja baada ya mwingine, na mlango ukavuma.

Kwenye amri ya mwisho Lisbet aliinua mkono. Alimtazama Märet, akamtazama Gölin, akachagua katikati yao, hewani.

"Tumekatazwa kutamani cha jirani. Sasa kama mtu tayari anakitamani, afanyeje?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa na maelezo, na aya tatu za kuthibitisha maelezo. Märet alilishika, akalirudisha ndani ya droo, akamtazama Gölin. Gölin aliinua mabega.

"Hilo mimi silijui," alisema. "Sijawahi kuliwaza."

Kitu cha moto kilimpita Märet mwilini, na hakikuwa kitakatifu. Hili Gölin halijui. Hili, katika Häggsjö nzima, hakuna anayelijua kama yeye.

"Hilo mimi ninalijua kidogo," alisema. Watoto walingoja. Alifungua kinywa, na hakujua neno la pili litakuwa lipi, jambo ambalo halikuwa limewahi kumpata. Upepo ulipita chini ya ubao ukainua ncha ya shali.

"Kwanza," alisema Märet, "wifi, sogeza kiti chako huku penye moto."

Gölin alisimama, akakiinua kiti.

"Hapo panatosha," alisema Märet. "Si karibu sana."